Kununua nyumba kuukuu: Tuulize ardhi kabla ya bati

 

Leo tunakusudia kuzungumzia biashara ambayo familia nyingi hutumbukiza humo akiba ya miaka mingi kwa siku moja, nayo ni kununua nyumba iliyokwisha kutumika ili kuikarabati, kuishi ndani yake au kuipangisha. Tutatolea mifano Handeni na Korogwe, kwa kuwa katika wilaya hizi mbili za mkoa wa Tanga nyumba kuukuu ziko za kila namna, na kila namna ina mtego wake.

Korogwe ni mji wa reli na mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Katika miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai, na hiyo ndiyo mama wa mashamba yote tuyaonayo. Reli iliyoanza Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902. Kutokana na mambo hayo mawili zikajengwa nyumba za kambi, mistari kwa mistari, kwa ajili ya vibarua na wasimamizi. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, bei ya dunia ikaanguka kwa sababu ya kamba za plastiki, na katika miaka ya 1990 mashamba yakauzwa tena kwa watu binafsi. Wenyewe wakabadilika mara tatu, lakini kuta zikabaki palepale, na ndani ya kuta hizo watu wakazaliwa, wakaoa na wakazika wazazi wao.

Sasa hapo ndipo panapokuja swali letu. Mtu aliyeishi katika chumba cha kambi kwa miaka arubaini, akaweka bati jipya na kupiga lipu kwa fedha yake, akimwambia mwenzake, "Nakuuzia nyumba yangu," je, anauza nini? Bati ni lake bila ya shaka, na lipu ni yake. Ama ukuta ulijengwa na shamba, na ardhi iko ndani ya hati ya shamba. Mnunuzi aliyetoa mamilioni amenunua bati na lipu, naye anadhani amenunua nyumba.

Jambo hili si la Korogwe peke yake. Huko Marekani ziko nyumba zinazotengenezwa kiwandani, zikavutwa kwa lori hadi mahali zinapowekwa, na tangu Juni 1976 hutengenezwa kwa viwango vilivyowekwa na serikali kuu yao. Watu wa kipato kidogo huzinunua zikiwa zimetumika kwa kuwa bei yake ni nafuu. Lakini wengi wao huziweka katika kiwanja cha mtu mwingine na kumlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Mwenye kiwanja akipandisha kodi, mwenye nyumba hana pa kukimbilia, kwani kuihamisha ni gharama kubwa, na ile ya zamani huenda isihimili safari. Jirani zetu wa Mombasa wanaijua hali hiyo kabla ya Wamarekani. Katika mitaa kama Majengo iko desturi kongwe ya nyumba bila ardhi, ambapo mwenye kuta ni mmoja na mwenye uwanja ni mwingine, na ugomvi wao haujesha mahakamani.

Katika sheria ya Kiislamu inajuzu jengo kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii wamelieleza hilo kwa urefu katika milango ya kuazima na kukodi: aliyeruhusiwa kujenga katika ardhi ya mwenziwe bila ya sharti la kubomoa, mwenye ardhi hawezi kuja kumvunjia bure, ama amwachie kwa kodi, ama abomoe na alipe ile thamani iliyopungua. Ni insafu kubwa. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inayotuhukumu hapa Tanzania, katika maana yake ya neno ardhi imeingiza pia majengo yaliyoshikamana nayo. Kwa hiyo asiye na karatasi inayotenganisha vitu hivi viwili, atakapofika barazani atajikuta mkono mtupu. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, imekuja kufundisha kuandika madeni na kushuhudisha mauziano. Ajabu ni kwamba tunaihifadhi kwa moyo, kisha tunanunua nyumba kwa maneno chini ya mwembe.

Vijijini Handeni mambo yana sura nyingine. Huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na haki ya kimila haihamishwi kwa mtu mwingine bila ya idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, aliyoitia nyumbani kwake jioni, si idhini ya Halmashauri. Mnunuzi na aombe muhtasari wa kikao.

Hali kadhalika atazame nani anayeuza. Nyumba nyingi kuukuu ni nyumba za marehemu, na mara nyingi anayejitokeza kuuza ni mtoto mkubwa wa kiume. Yeye ana fungu lake tu. Mama yake ana thumuni, dada zake wana mafungu yao, na huenda pana mdogo ambaye hajabaleghe. Kumuuzia mtu fungu la mwenzako bila ya uwakala ni mauziano batili kwa kauli iliyo na nguvu katika madhehebu yetu, na mali ya yatima Mwenyezi Mungu ameitolea onyo katika Suratun Nisaa ambalo halihitaji ufafanuzi wetu. Njia iliyo salama ni kumtaka muuzaji alete barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na kuwaona warithi wote kwa macho. Na akiwa muuzaji ni mume aliye hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imezuia nyumba ya ndoa isiuzwe bila ya ridhaa ya mke. Tunajua wapo ndugu watakaokunja uso kusoma hayo. Wakunje tu, mke anayerudi kutoka shamba akakuta kufuli la mtu mwingine mlangoni pake amedhulumiwa kwa kila sheria tuijuayo.

Tukija katika kasoro za nyumba yenyewe, tunakumbuka kisa kilichopokewa na Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye fungu la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umande. Muuzaji akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Nafaka ile haikuwa haramu kuuzwa. Kosa lilikuwa kuuficha umande chini.

Na nyumba ina umande wake. Katika Handeni umande huo ni mchwa. Nyumba ikishapakwa rangi inapendeza, lakini chukua msumari uchome kenchi, papi na vizingiti vya milango. Ukizama kama katika ugali, ujue bati limekaa juu ya unga. Tazama pia nyufa. Ufa mwembamba wa lipu si neno, ama ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha ni alama kuwa msingi umezama upande mmoja, na huo haufichiki kwa saruji kwa zaidi ya masika moja. Chumvi nyeupe ukutani karibu na sakafu ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Uliza maji ya mvua hupita wapi. Mvua za Oktoba 2019 zilipokata mawasiliano ya barabara kati ya Handeni na Korogwe, kila mtu aliona maji yanadai njia yake ya zamani, awe amejenga mtu juu yake au hajajenga.

Lipo jambo la bati ambalo tunaomba akina mama na akina baba walisome mara mbili. Majengo mengi ya zamani ya taasisi na mashamba yaliezekwa kwa asbesto, yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, yanayovunjika kama chungu. Vumbi lake likivutwa husababisha saratani, nayo hujitokeza baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayekumbuka paa lile. Yakiwa mazima na hayaguswi hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa ni pale mnunuzi anapowaita vijana wayabomoe kwa nyundo, huku watoto wakicheza chini, kisha vipande vikatandazwa njiani kuziba matope. Yasikatwe wala yasifagiliwe makavu. Yalowanishwe maji, yatolewe mazima, na mazishi yake aulizwe afisa mazingira wa halmashauri. Muuzaji anayejua kuwa paa ni la asbesto akanyamaza, huyo ameweka umande chini ya fungu.

Na kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, pale Mkata na Kabuku, iko kasoro isiyo ya fundi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imepanua hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi huwekwa alama ya X. Rangi ya ukutani ni rahisi, na debe moja hufuta X, lakini haliifuti katika daftari. Mnunuzi na achukue futi kamba apime mwenyewe kabla ya kupeana mkono. Hayo yanawahusu pia wanaonunua makontena yaliyotumika, ya futi 20 au 40, na kuyageuza duka au chumba. Kontena linahamishika, kweli, ila sakafu yake ya mbao kwa kawaida imetiwa dawa za kuua wadudu, na mtu anayelala humo ni bora aibadilishe.

Wauzaji wengi hujikinga kwa neno, "Nimekuuzia kama ilivyo." Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika madrasa zetu, sharti la kujivua na kila kasoro humwokoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua, si zaidi ya hapo. Katika nyumba haliwi kinga. Mnunuzi akigundua kasoro ya zamani iliyofichwa anayo khiyari ya kurudisha na kupewa fedha yake. Lakini na yeye ana wajibu: arudishe mara tu agunduapo. Akiendelea kukaa miezi sita huku akinung'unika, kukaa kwake ni kuridhia. Na kama alikwisha kupangisha kabla ya kugundua, kodi aliyoipokea ni yake, kwa kuwa katika muda huo nyumba ingeungua ingekuwa hasara yake.

Mwenye kununua kwa nia ya kupangisha afahamu kuwa kuiweka nyumba katika hali ya kukalika ni juu yake, si juu ya mpangaji. Paa likivuja, mpangaji amwarifu. Asipotengeneza haraka, mpangaji ana haki ya kuvunja mkataba na kurejeshewa kodi ya miezi ambayo hajaikaa. Tunalisema hili kwa sababu ya desturi ya kutoza kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kisha mwenye nyumba haonekani tena mpaka mkupuo unaofuata. Atenge sehemu ya kodi kwa ukarabati. Kila Septemba, kabla ya vuli, mtu apande darini atazame kenchi, misumari ya bati na mifereji. Handeni ni nchi ya shida ya maji ya miaka mingi, na bomba lake kubwa hutegemea maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, kwa hiyo mfereji mzima na tangi la mvua ni kivutio kwa mpangaji kuliko rangi ya ukuta.

Huko Msomera, wilayani Handeni, tangu Juni 2022 familia zilizohamia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikikabidhiwa nyumba za vyumba vitatu zilizojengwa na serikali kwa ramani moja. Leo ni mpya. Lakini nyumba za ramani moja na umri mmoja huchakaa pamoja, na fundi aliyeijua kasoro ya moja amezijua zote. Wakazi wakichangiana kutibu mchwa na kurekebisha mapaa kwa pamoja itawapunguzia gharama. Atakayetaka kununua huko siku za mbele aanze kuuliza masharti ambayo nyumba ilitolewa nayo.

Ama fedha za kununulia, asiye nazo asikimbilie mkopo wa riba kwa hoja kuwa nyumba ni dharura, ilhali anakusudia kuipangisha. Tangu Novemba 2011, ilipofunguliwa Benki ya Amana, nchi yetu ina benki inayoendeshwa kwa misingi ya Kiislamu. Mwendee afisa, umwombe akueleze kwa Kiswahili nani anamiliki nyumba katika kila hatua ya mkataba, na usitie sahihi mpaka umeelewa.

Kuhusu zaka, nyumba ya kukaa haina zaka. Nyumba ya kupangisha haina zaka katika kuta zake. Zaka iko katika kodi iliyowekwa ikafika nisabu na kupitiwa na mwaka. Aliyeinunua tangu mwanzo kwa nia ya kuikarabati na kuiuza, huyo ni mfanyabiashara na nyumba ni bidhaa yake. Mwaka ukitimia ataithamini kwa bei ya soko ya siku hiyo, si bei aliyonunulia. Ikiwa ni shilingi 40,000,000, na nisabu imefika, zaka yake ni shilingi 1,000,000, hata kama mnunuzi bado hajapatikana.