Kerneli na Uthibitishaji wa Mtumiaji wa Faili za Mtandao

NFS, itifaki iliyoasisiwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani katika miaka ya 1980, humwezesha mtumiaji kufungua faili zilizohifadhiwa katika seva kana kwamba zimo katika diski ya kompyuta yake. Kazi hiyo kwa kawaida hufanywa na kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia kumbukumbu, diski na mtandao, na kwa hiyo ulinzi wa faili hizo hauna budi kuanzia humo.

Katika utaratibu wa asili, uitwao AUTH_SYS, kompyuta ya mteja huitajia seva namba ya mtumiaji na namba za vikundi vyake, nayo seva huzikubali bila kudai ushahidi wowote. Yeyote aliye na mamlaka ya msimamizi katika kompyuta iliyoruhusiwa anaweza basi kujitwalia namba ya mwenzake na kusoma nyaraka zisizo zake, hatari iliyokuwa ndogo zamani, mashine zilipokuwa chache na chini ya uangalizi wa watu walewale, lakini isiyovumilika leo ambapo kila mfanyakazi huja na kompyuta yake ya mkononi.

Tiba yake ni Kerberos, mfumo uliobuniwa katika chuo cha MIT, ambamo mtumiaji hujithibitisha kwa seva maalumu na kupewa tiketi ya muda, huku nenosiri lake lisisafirishwe mtandaoni. Ili kerneli iweze kuzitumia tiketi hizo katika NFS, inahitaji RPCSEC_GSS, kiwango kilichochapishwa mwaka 1997. Katika mfumo endeshi wa FreeBSD, msimamizi huongeza chaguo la KGSSAPI katika faili ya usanidi kisha akaijenga kerneli upya, au hupakia moduli zake. Katika Linux chaguo linalohusika ni CONFIG_RPCSEC_GSS_KRB5. Mifumo yote miwili huhitaji pia programu saidizi ya gssd, na saa za mashine zisipishane kwa zaidi ya dakika 5, ambacho ndicho kikomo cha kawaida, la sivyo tiketi hukataliwa.

Kuwamo kwa chaguo hilo katika kerneli hakulazimishi kutumika kwake. Msimamizi ndiye anayeamua kiwango cha ulinzi: krb5 huthibitisha mtumiaji peke yake, krb5i huongeza ukaguzi wa kwamba data haikubadilishwa njiani, na krb5p huisimba data yote isisomeke na mdukuzi. Kwa rekodi za wagonjwa, mishahara au mitihani, kuishia kwenye krb5 ni uzembe, kwa sababu yaliyomo bado hupita wazi mtandaoni. Gharama ya usimbaji kwa kichakataji cha kisasa haitoshi kuwa udhuru. Aidha, seva inayoruhusu krb5p pamoja na sys, yaani AUTH_SYS, kwa saraka ileile bado inampokea mteja asiye na tiketi, hivyo kila msimamizi aikague orodha yake ya saraka zinazoshirikishwa na kuiondoa sys palipo na taarifa za siri.