Mgeni na mawindo: Kwa nini Nairobi haina mahali pa kuwinda, na kwa nini ughaibuni sheria ni nyingine

MAJINA ya mitaa miwili mikubwa ya Nairobi yamehifadhi kumbukumbu ambayo wakazi wengi wa leo hawana habari nayo. Kibera ni jina lililotokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Kawangware nalo limebeba neno la Kikuyu, ngware, yaani ndege wa porini wa jamii ya kwale.

Msitu huo umekwisha kugeuka vichochoro na mapaa ya mabati, lakini watu wanaohamia mitaa hiyo kutoka mashambani bado huja na ujuzi wa porini. Yupo aliyefundishwa na babu yake kutega tombo katika mashamba ya wimbi, na yupo aliyelelewa akifuata mbwa nyuma ya sungura. Mtu wa namna hiyo akiuliza ni wapi jijini anapoweza kuwinda, jibu ni fupi: hakuna. Mei 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini, uwe wa burudani au wa kitoweo.

Kwa upande mwingine, Mkenya anayetoka mitaa hiyo hiyo na kuhamia Marekani hukuta mambo kinyume kabisa. Huko uwindaji, ukiwemo ule wa dubu mweusi, ni shughuli halali inayosimamiwa na serikali za majimbo, na jirani yake Mmarekani huenda akamwalika msituni kabla hajamaliza mwaka mmoja. Wageni hao wawili wanakabiliwa na swali moja, nalo ni jinsi ya kujua mahali panaporuhusiwa. Anayekosea hapa nchini huhatarisha uhuru wake. Anayekosea huko huhatarisha pia haki yake ya kuishi ugenini.

Elimu iliyopokezanwa

Zamani hakuna mwindaji wa Afrika Mashariki aliyejifunza mahali pa kuwinda peke yake. Wawaata, wawindaji wa ndovu wa maeneo ya Tsavo na Galana waliosifika kwa pinde zao ndefu na mishale ya sumu, walirithishana ujuzi wa visima na mapito ya wanyama. Ogiek wa msitu wa Mau waligawana msitu kwa koo, kila ukoo ukijua mipaka yake. Wakamba walikuwa wafuatiliaji hodari wa nyayo, na wengi wao waliajiriwa baadaye na wawindaji wa Kizungu.

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wengi wa Kibera na Kawangware ni utegaji wa tombo, ndege wanaoitwa aluru kwa Kijaluo. Katika sehemu za magharibi mwa Kenya, mtegaji huwaweka tombo hai ndani ya vikapu vilivyoning'inizwa kwenye mti mrefu uliosimikwa shambani. Alfajiri ndege hao huita, na wenzao wa porini wakija huingia katika matanzi yaliyotegwa nyasini. Kazi ngumu kuliko ufungaji wa tanzi ni kuchagua shamba lenyewe. Mtegaji sharti ajue nafaka gani imekomaa, mvua imenyesha lini na ndege wanapitia wapi.

Elimu hiyo ina kanuni moja ambayo wawindaji wa dunia nzima wanaifahamu: tafuta chakula cha mnyama, nawe utamkuta mnyama. Hata hivyo, ina kanuni ya pili ambayo haikuhitaji kuandikwa, kwa kuwa kila mtu kijijini aliijua. Shamba lina mwenyewe, na mgeni hategi bila ruhusa.

Enzi ya vitalu na leseni

Utawala wa kikoloni uliigeuza kanuni hiyo ya pili kuwa sheria ya serikali. Wanyama wakawa mali ya dola, na uwindaji ukahitaji leseni ambayo kwa kawaida Mwafrika hakuweza kuimudu. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipofika Mombasa Aprili 1909 kwa msafara wake mashuhuri wa uwindaji, alikuwa mgeni mwenye vibali. Mwaata aliyewinda katika ardhi ya mababu zake alianza kuitwa jangili.

Mgeni mwenye fedha hakuhitaji kujifunza nchi. Alimwajiri mwindaji wa kulipwa, na mwindaji huyo naye aliwategemea wafuatiliaji wa nyayo Waafrika. Mwaka 1934 wawindaji hao waliunda chama chao jijini Nairobi. Baadaye Idara ya Wanyama iliigawa nchi katika vitalu vya uwindaji, kila kimoja kikiwekewa nafasi mapema, ili makundi mawili yasikutane porini yakifuata kundi moja la nyati.

Kwa hiyo mgeni wa miaka ya 1960 aliyeuliza mahali pa kuwinda alijibiwa kwa ramani, leseni na stakabadhi ya malipo. Huo ndio mfumo uliofungwa mwaka 1977.

Marufuku iliyobaki hadi leo

Katika miaka ya 1970 ujangili ulikuwa umeshamiri kupita kiasi. Uwindaji wa ndovu ulipigwa marufuku mwaka 1973, na ule wa wanyama wengine ukafuata Mei 1977. Mwaka uliofuata serikali iliharamisha biashara ya ngozi, pembe na mapambo yatokanayo na wanyama. Chama cha wawindaji wa kulipwa kilivunjika, na vitalu vikabaki kumbukumbu za makaratasi.

Marufuku hayo hayakukomesha ujangili mara moja. Idadi ya ndovu nchini, iliyokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, ilikuwa imeshuka hadi takriban 16,000 kufikia mwaka 1989, mwaka ambao serikali iliteketeza shehena ya pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Baada ya hapo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ndilo lililokabidhiwa ulinzi wa wanyama.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliyakaza zaidi masharti. Inataja kwa majina makosa matatu: kuwinda kwa ajili ya mchezo, kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani, na kuwinda kwa ajili ya biashara ya nyamapori. Adhabu zinatofautiana, lakini hakuna hata moja kati ya shughuli hizo iliyo halali. Njaa inaweza kumfanya hakimu amhurumie mshtakiwa, lakini haimpi ruhusa ya kutega.

Jambo hilo huwachanganya wageni wengi, kwa sababu nchi jirani ya Tanzania inaendelea kuruhusu uwindaji wa kitalii katika vitalu vilivyotengwa nje ya hifadhi za taifa. Anayesikia habari za vitalu hivyo asidhani kwamba kibali cha Tanzania kinavuka mpaka wa Namanga.

Hali ilivyo Kibera na Kawangware

Kibera imezungukwa na maeneo ambayo macho ya mtu wa mashambani huyaona kama mawindo. Upande wa magharibi kuna Msitu wa Ngong Road, na ng'ambo ya Lang'ata kuna Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 na yenye ukubwa wa kilomita 117 mraba. Kawangware nayo haiko mbali na mabaki ya misitu ya Dagoretti. Swala wadogo, ngedere na ndege wa kila namna wapo humo.

Ardhi hizo zina wenyewe. Misitu ya serikali iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na mbuga iko chini ya KWS. Tanzi la waya lililotegwa kandokando ya mbuga ni kosa hata kama halijanasa kitu. Aidha, waya hauchagui. Uliotegewa sungura unaweza kumkata mguu swala mwenye mimba.

Hata ardhi ya Kibera yenyewe inaonyesha uzito wa swali la mwenye mali. Wanajeshi wa asili ya Sudan waliotumikia kikosi cha King's African Rifles walikaa katika msitu huo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 takriban ekari 4,000 zikatangazwa kuwa ardhi ya kijeshi. Karibu miaka 100 ilipita kabla ya jamii ya Wanubi kukabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, mwaka 2017. Kukaa mahali kwa muda mrefu na kuruhusiwa kupatumia ni mambo mawili tofauti.

Hatari nyingine iko mezani. Nyama inayouzwa kwa bei nafuu bila muhuri wa mkaguzi huenda ikawa ya mnyama wa porini, na mnyama aliyekufa kwa kimeta anaweza kumuua anayemchuna na kumwambukiza anayemla. Mnunuzi naye hana kinga, kwani kupatikana na nyamapori kunaweza kumfikisha mahakamani.

Hata ufugaji una masharti yake. Biashara ya tombo ilipovuma mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014, wafugaji wengi wa mijini walishangaa kuambiwa kwamba walihitaji leseni ya KWS, kwa kuwa ndege hao walihesabiwa kuwa wanyama wa porini. Walioanza kwa kuuliza waliokoa fedha zao.

Ujuzi wa kusoma nyayo na kutambua milio ya ndege haujapoteza thamani kwa sababu hiyo. Vyama vya jamii za misitu vinatambuliwa na sheria ya misitu ya mwaka 2016, na waongozaji wa watazamaji wa ndege hulipwa kwa ujuzi ule ule uliomlisha mtegaji. Kwa miaka mingi, shirika la Nature Kenya limekuwa likiandaa matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi.

Dubu mweusi na Mkenya wa ughaibuni

Kenya haina dubu. Huyo anayeitwa dubu wa Nandi, ambaye walowezi walimsimulia sana mwanzoni mwa karne ya 20, hajawahi kuthibitishwa na mtaalamu yeyote. Dubu pekee wa asili barani Afrika alikuwa wa milima ya Atlas kaskazini, naye alitoweka zamani. Kwa hiyo Mkenya anayefika Minnesota, jimbo lenye jamii kubwa ya Wakenya na Wasomali, hana babu wa kumuuliza habari za dubu.

Hatua yake ya kwanza si msitu. Ni hadhi yake ya uhamiaji. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye makazi ya kudumu kumiliki bunduki, lakini inamkataza asiye na vibali vya kuishi nchini humo. Mwenye viza ya muda, kama vile mwanafunzi, amekatazwa pia isipokuwa chini ya masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kosa la silaha linaweza kumfanya mhamiaji afukuzwe nchini, hata kama amekaa miaka mingi. Hakuna dubu mwenye thamani ya hasara hiyo.

Hatua ya pili ni idara ya maliasili ya jimbo. Huko Minnesota, waliozaliwa baada ya Desemba 31, 1979 hutakiwa kwa kawaida kupitia mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kupewa leseni. Jimbo limegawanywa katika maeneo, mengine yakiwa na idadi maalumu ya vibali vinavyotolewa kwa kura, mengine yakiwa wazi kwa kila mwenye leseni. Ramani hiyo ndiyo mwalimu wa kwanza wa mgeni, na masharti yake husomwa upya kila mwaka.

Hatua ya tatu ni mwenye ardhi. Misitu ya taifa ya Superior na Chippewa ni ardhi ya umma inayoruhusu uwindaji kwa sehemu kubwa. Shamba la mtu binafsi linahitaji idhini yake, na katika jimbo hilo shamba la kilimo halikanyagwi bila ruhusa hata pasipokuwa na kibao cha onyo.

Hapo ndipo kanuni ya mtega tombo inaporudi. Kabla ya majira ya baridi dubu hula karibu mchana na usiku ili ajaze mafuta mwilini. Mgeni hutafuta miti ya mwaloni iliyojaa mbegu, vichaka vya matunda, matawi yaliyovunjwa, kinyesi chenye mbegu na magome yaliyokwaruzwa kwa makucha. Minnesota inaruhusu kutumia chambo, mradi mahali pake pasajiliwe. Pennsylvania inakataza. Anayehama jimbo anaanza upya.

Nyama ya dubu sharti iive kabisa, nyuzijoto 71 za Selsiasi au zaidi, kwani inaweza kubeba minyoo hatari. Kwa Waislamu, miongoni mwao wengi wa Wanubi wa Kibera, wanazuoni walio wengi huihesabu kuwa haramu kwa sababu dubu ni mnyama mwenye meno ya kunyakulia.

Iwe ni kando ya Msitu wa Ngong Road au chini ya mialoni ya Minnesota, mgeni ana maswali matatu ya kujibiwa kabla ya kufuata unyayo wowote: ardhi hii ni ya nani, mnyama huyu analindwa na sheria gani, na kibali hutolewa na ofisi ipi. Kwa Nairobi, swali la tatu halina ofisi ya kulijibu, na hapo safari ya mwindaji inakoma kabla haijaanza.