Uteuzi wa Vihisi vya Milango katika Mfumo wa King'ora cha Nyumbani: Kigezo cha Ukimya

Kihisi cha mlango ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu zaidi katika mfumo wa king'ora, na pengine ndiyo sababu huteuliwa bila kufikiriwa sana. Makala haya yanajadili vigezo vya uteuzi huo, yakijikita katika nyumba za mwambao wa Afrika Mashariki, ambako mlango wa nje aghalabu ni wa chuma, au ni wa mbao uliotanguliwa na geti la nondo. Hoja inayotetewa ni kwamba mteuzi aanze na mlango wenyewe, kisha aulize swali moja: kihisi kinaponyamaza, mfumo unaelewa nini?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1853, Augustus Russell Pope wa Massachusetts, Marekani, alipata hataza ya king'ora cha umeme ambamo kufunguka kwa mlango kulikamilisha saketi na kengele ikalia. Udhaifu wa mpangilio huo uko wazi: waya ukikatwa, mlango unaweza kufunguliwa na kengele isilie. Mifumo ya waya ya leo imegeuza kanuni hiyo. Mkondo hupita wakati wote mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukifunguka, au waya ukikatwa, mkondo hukoma, na kukoma huko ndiko kunakoamsha king'ora.

Kiini cha kihisi cha kawaida ni swichi ya sumaku, inayotokana na kazi ya Walter Ellwood katika maabara za Bell mwaka 1936. Ndimi mbili nyembamba za chuma zimefungiwa ndani ya kibomba cha kioo. Sumaku iliyopachikwa kwenye ubao wa mlango ikikaribia, ndimi hugusana, ikiondoka huachana. Hapa istilahi inahitaji uangalifu. Katika mazungumzo ya mafundi, kitenzi "kufunga" hubeba maana tatu: kufunga mlango, kufunga kifaa mahali pake, na kufunga saketi. Mkanganyiko huo si wa lugha tu, kwani unaweza kumfanya fundi aunganishe swichi kinyume. Kwa hiyo hapa saketi inasemwa kuwa "imekamilika" au "imekatika".

Mlango wa chuma ndio unaoleta tatizo kubwa zaidi. Chuma huvuta uga wa sumaku na kuupitisha ndani yake, hivyo sehemu ndogo tu ya uga huifikia swichi. Kihisi kinachofanya kazi vyema kwenye mbao chenye mwanya wa milimita 20 kinaweza kushindwa kwenye chuma kwa mwanya uleule. Tiba ni mbili: kuteua kihisi kilichoundwa kwa ajili ya chuma na mwanya mpana, au kuinua sumaku na swichi kwa kipande cha plastiki kisicho na athari ya sumaku. Mlango wa mbao nao una tabia yake. Hufura wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, na mwanya hubadilika pamoja nao. Kihisi kilichopachikwa ukingoni mwa uwezo wake kitalia usiku bila mtu kuingia, na familia iliyoamshwa mara kadhaa bure huacha kukiwasha king'ora. Athari hiyo ni nzito kuliko ubovu wowote wa kifaa, kwa kuwa haionekani kwenye paneli. Kuhusu mahali, inatosha kusema kwamba kihisi kikae upande wa kitasa, mbali na bawaba, ili ufa mdogo utambulike mapema.

Vihisi visivyotumia waya huepusha kazi ya kutoboa kuta za matofali, lakini vinarudisha udhaifu wa Pope. Vile vya bei ya chini, vingi vikitumia masafa ya megahezi 433, hutuma ishara mlango unapofunguka tu. Betri ikiisha au mawimbi yakizuiwa, paneli huuchukulia ukimya kuwa amani. Vilivyo bora hutuma taarifa za hali kila baada ya muda maalumu, na paneli hutoa onyo zikikosekana. Vilevile, vihisi vinavyotuma msimbo uleule siku zote vinaweza kuigwa na mtu aliyeunasa msimbo huo. Kwa mlango mkuu, kihisi kisicho na taarifa za hali hakifai, hata kama bei yake inavutia.

Waya nao hauna kinga kamili. Mtu aliyewahi kuingia ndani anaweza kuunganisha nyaya mbili za kihisi ili saketi ibaki imekamilika daima. Kikinzani kilichowekwa mwisho wa saketi huiwezesha paneli kutambua hila hiyo, kwa sababu ukinzani hushuka ghafla. Sharti lake ni kwamba kikae kwenye kihisi. Kikiwekwa ndani ya paneli kwa kurahisisha kazi, hakilindi chochote. Swichi rahisi inaweza pia kuhadaiwa kwa sumaku ya nje. Kiwango cha Ulaya EN 50131-2-6 hupanga vihisi vya sumaku kwa madaraja, na vya madaraja ya juu hutakiwa kuhimili hila ya namna hiyo.

Hata hivyo, kihisi hiki hutambua mlango uliofunguka, si mlango uliokatwa. Mwizi akitoboa bati la mlango na kupenya bila kuusogeza, sumaku itabaki mahali pake. Penye hatari hiyo, kihisi cha mtikisiko kiongezwe kwenye mlango huohuo.