Sindano ya Mafua Kila Mwaka: Nani Achomwe?

Mtu anaamka asubuhi mwili unawaka, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma na kikohozi kikavu hakimpi nafasi. Kuanzia Kigoma hadi Malindi, hatua ya kwanza inajulikana: akapime malaria. Zahanati anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na baada ya kama robo saa unaonekana mstari mmoja tu. Malaria hakuna. Anapewa panadol, mara nyingine na antibayotiki juu yake, anarudi nyumbani kulala. Baada ya wiki amesimama. Lakini bibi wa nyumba hiyo, mwenye kisukari, naye ameanza kukohoa na hapati nafuu. Siku chache baadaye amelazwa kwa nimonia.

Katika visa vya namna hii ni nadra mtu kutaja influenza. Ili kuijua kwa hakika lazima kijiti chenye pamba kipitishwe puani na sampuli ipelekwe maabara, na zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Hivyo homa hii hupita majumbani ikisingiziwa vumbi, mvua au uchovu. Watu huiita mafua, jina lile lile la yale mafua ya kawaida ya kupenga kamasi siku tatu huku mtu akiendelea na kazi zake, na kwa sababu hiyo huidharau. Yale ya kawaida huletwa na virusi vingine kabisa. Influenza huja ghafla, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kutaja hata saa aliyoanza kujisikia vibaya, na humlaza chini mtu mzima mwenye nguvu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao bilioni 1 huugua influenza ya msimu. Kati yao milioni 3 hadi 5 huugua vibaya, na 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Kwa watoto wa chini ya miaka 5 wanaofariki kwa maambukizi ya mapafu yanayohusiana na influenza, karibu wote, asilimia 99, ni wa nchi zinazoendelea. Takwimu hiyo inatosha kuivunja imani kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na baridi yao.

Pwani ya Afrika Mashariki yenyewe ina historia nao. Mwaka 1918 homa kuu iliyoenea dunia nzima iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda bara na kuua watu wengi. Mwaka 2009, aina mpya ya influenza ya H1N1 ilipozuka, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa Kenya alikuwa mwanafunzi aliyetoka Uingereza na kufikia Kisumu. Na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao, wameonyesha kwamba huku kwetu virusi hivi havingoji majira ya baridi. Huzunguka karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka, na watoto wadogo ndio wanaolazwa zaidi.

Kwa nini basi sindano ya surua humkinga mtu miaka mingi, na hii ya mafua irudiwe kila mwaka? Sababu ni mbili. Kwanza, kinga inayojengwa na chanjo hii hupungua baada ya miezi kadhaa. Pili, kirusi chenyewe hakitulii. Protini zilizo juu ya ganda lake, ambazo ndizo askari wa mwili huzitumia kumtambua adui, hubadilika kidogo kidogo kila kinapozaana, kama mwizi anayebadili shati kila mtaa anaoingia.

Ili kukimbizana nacho, WHO imejenga tangu mwaka 1952 mtandao wa maabara zinazofuatilia influenza duniani. KEMRI imo, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe imo pia. Mara mbili kwa mwaka wataalamu hukutana kutazama sampuli za maabara hizo: Februari huchagua aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo ya nusu ya kaskazini ya dunia, na Septemba huchagua za nusu ya kusini. Baada ya hapo viwanda huanza kazi. Njia iliyozoeleka zaidi bado ni ile ya tangu miaka ya 1940: kirusi hupandwa ndani ya mayai ya kuku yenye kiinitete, huachwa kizaane, kisha huvunwa, huuawa kwa kemikali na kusafishwa. Kutoka uchaguzi hadi chupa kufika sokoni ni kama miezi 6.

Miezi 6 ni mirefu kwa kirusi chenye haraka. Msimu wa 2014 hadi 2015, aina ya H3N2 iliyokuwa ikienea Marekani ilikuwa imeshajitenga na ile iliyowekwa kwenye chanjo, na uwezo wa chanjo kuzuia ugonjwa ukashuka hadi karibu asilimia 19. Katika miaka ambayo uchaguzi umelenga vizuri, uwezo huo huwa kati ya asilimia 40 na 60. Ni haki ya msomaji kuambiwa hivyo waziwazi. Sindano ya mafua si kinga ya kuaminika kama ile ya surua, na anayeiuza kwa kuahidi kwamba mtu hataugua kabisa anamdanganya mteja wake.

Lakini nusu ya hatari ikiondolewa si jambo dogo, hasa kwa mtu ambaye hatari yake ni kubwa. Ushahidi mmoja mzuri sana umetoka hapa Afrika, katika mji wa Soweto nchini Afrika Kusini. Watafiti waliwafuatilia wajawazito 2,116 wasio na virusi vya Ukimwi, wengine wakichomwa chanjo ya influenza na wengine maji yasiyo na dawa, pamoja na kundi dogo la wajawazito wenye virusi hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Katika lile kundi kubwa, asilimia 3.6 ya wasiochanjwa waliugua influenza iliyothibitishwa maabara, na kwa waliochanjwa ilikuwa asilimia 1.8. Waliokuwa na virusi vya Ukimwi nao walikingwa. La kufurahisha zaidi ni watoto: waliozaliwa na mama waliochanjwa waliugua kwa karibu nusu ya kiwango cha wenzao katika miezi yao ya mwanzo.

Hapo ndipo thamani ya sindano hii inapoonekana. Mtoto wa chini ya miezi 6 hana chanjo yoyote ya influenza anayoweza kupewa. Njia ya kumkinga kwa sindano ni kumchoma mama yake kabla hajazaliwa, ili kingamwili zivuke kondo la nyuma na kumfikia.

Kundi lingine ni la wenye maradhi ya moyo. Jaribio lililofanywa katika nchi 8, zikiwemo Sweden na Bangladesh, liliwachoma chanjo watu waliotoka tu kupata shambulio la moyo au waliokuwa katika hatari kubwa ya kulipata. Katika mwaka uliofuata, asilimia 2.9 ya waliochanjwa walifariki, ikilinganishwa na asilimia 4.9 ya wasiochanjwa. Mapafu yakiwaka moto kwa influenza, moyo uliochoka hubebeshwa mzigo usiouweza. Mwenye presha anayemeza vidonge kila siku lakini hajawahi kusikia habari hii amenyimwa elimu aliyostahili kupewa kliniki.

Hofu zipo, na zinafaa kujibiwa kwa heshima. Wengi husema sindano yenyewe huleta mafua. Ya kudungwa ina virusi vilivyouawa au vipande vyake tu, na kilichokufa hakiwezi kuzaana mwilini. Mkono unaweza kuuma, na joto dogo au uchovu wa siku moja mbili ni wa kawaida. Tena kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo aliyechomwa Jumatatu akaambukizwa Alhamisi ataugua kama wengine. Na kwa kina mama wanaoogopea mimba zao: Marekani imekuwa ikiwashauri wajawazito wachomwe sindano hii tangu miaka ya 1960.

Kuna dosari moja ya kweli isiyopaswa kufichwa. Mwanzoni mwa mwaka 1976 askari mmoja alikufa katika kambi ya Fort Dix, Marekani, kwa influenza iliyofanana na ya nguruwe. Rais Gerald Ford akatangaza taifa zima lichanjwe. Zaidi ya watu milioni 40 walichomwa, mlipuko uliotarajiwa haukutokea, na wakati huo huo ikaonekana kwamba baadhi ya waliochanjwa walipata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao hushambulia neva na kulegeza viungo. Ilikuwa nyongeza ya kama mtu 1 kwa kila 100,000, na Desemba mpango ukasimamishwa. Kwa chanjo za siku hizi, nyongeza hiyo ikionekana huwa ni mtu 1 au 2 kwa kila milioni. Aliyewahi kuugua Guillain-Barré, au aliyepata mzio mkali kwa chanjo hii siku za nyuma, azungumze na daktari kwanza. Mwenye homa kali siku hiyo asubiri ipoe.

Sasa swali la mfukoni. Tanzania na Kenya huwachanja watoto bure dhidi ya surua, polio, kifaduro na mengineyo, lakini influenza haimo katika ratiba ya kawaida. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu wanaoishauri serikali ya Kenya ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe. Mzazi anayetaka sindano hii bado huifuata kwa gharama yake katika hospitali binafsi au kliniki za wasafiri. Matokeo yake ni kwamba wanaoipata kwa urahisi ni wafanyakazi wa ofisini wenye bima nzuri, vijana na wazima, huku mjamzito wa kijijini akikosa hata wa kumtajia. Mpangilio huo umepinda. Familia yenye pesa ya sindano moja tu isimpe kijana anayekimbia asubuhi ufukweni. Impe mjamzito, au bibi mwenye kisukari, au mtoto mwenye pumu. Muuguzi na daktari nao wasisubiri kubembelezwa, maana wao hupita kitanda hadi kitanda.

Kijana mzima asiyeishi na mtu dhaifu anaweza kuamua apendavyo. Akichomwa amejiokolea pengine siku tano za kitanda. Asipochomwa, hajafanya kosa.

Hesabu hubadilika mtu anaposafiri. Mwaka 2023 mahujaji zaidi ya milioni 1.8 walikusanyika Makka, na wengi huondoka na kikohozi. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni ya lazima kwa kila hujaji, na Saudi Arabia inashauri ya influenza pia. Mzee wa Unguja au Lamu anayekwenda Hija na presha yake aichome si chini ya wiki mbili kabla ya kupanda ndege. Walioko ughaibuni wana njia nyepesi: Uingereza huitoa bure kwa wajawazito, wenye miaka 65 na zaidi na wenye maradhi ya kudumu, na Marekani ilianza mwaka 2010 kuishauri kwa kila mtu wa kuanzia miezi 6. Huko wakati mzuri ni Septemba au Oktoba.

Huku kwetu hakuna mwezi mmoja wa kushika, kwa kuwa virusi havina likizo. Anayekwenda kuchomwa aulize mambo mawili kabla ya kukunja mkono wa shati: chanjo hii ni ya msimu gani, wa kaskazini au wa kusini, na inaisha muda lini. Ya mwaka jana isikubaliwe hata kwa bei ya punguzo. Atazame pia inatolewa wapi, kwa sababu inapaswa kukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda. Aliyechanjwa akipata homa baadaye bado apime malaria. Na kwa mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, dozi ni mbili, zikipishana angalau wiki 4, kwa hiyo mzazi aulizie bei ya zote mbili tangu siku ya kwanza.