Dirisha Moja, Miaka Kumi na Minne

Banda la njiwa, mti wa mpea, paa la ghala na bomba la moshi: hivyo tu ndivyo vilivyomo katika picha kongwe kuliko zote zilizopigwa kwa kamera na kudumu hadi leo. Mfaransa Nicéphore Niépce aliipiga mwaka 1826 au 1827, akiwa dirishani ghorofa ya juu ya nyumba yake kijijini Saint-Loup-de-Varennes, kwenye bamba la madini lililopakwa lami. Inakadiriwa kamera ilikaa wazi kwa saa zisizopungua nane, na ndiyo maana jua limemulika kuta za pande zote mbili za ua ndani ya picha hiyo hiyo moja. Agosti 1835 Mwingereza William Henry Fox Talbot naye akaelekeza kamera kwenye dirisha la nyumba yake, Lacock Abbey. Kamera zake zilikuwa visanduku vya mbao, vidogo hata mkewe Constance akaviita mitego ya panya. Negativu iliyotoka ilikuwa ndogo kama stempu, lakini Talbot aliandika kwamba kwa kutumia lenzi ya kukuzia, vipande vya kioo vya dirisha hilo, vipatavyo 200, vingeweza kuhesabika.

Wawili hao hawakuwa na hiari sana. Kamera inayohitaji muda mrefu kiasi hicho haiwezi kumfuata mpita njia, basi wakapiga kisichokimbia. Hata hivyo, bila kukusudia, walijibu imani ambayo bado imeenea kwamba picha nzuri inataka nauli: Serengeti, Kilimanjaro, fukwe za Nungwi. Kitu kinaweza kukaa palepale mwaka mzima na bado kikatoa picha mpya, kwa sababu kinachohama ni mwanga.

Aliyelithibitisha hilo kwa ukaidi kuliko wengi ni Josef Sudek, Mcheki aliyezaliwa Kolín mwaka 1896. Alijifunza kazi ya kujalidi vitabu, lakini jeraha la Vita Kuu ya Kwanza likamfanya akatwe mkono wa kulia, na ufundi ule ukaishia hapo. Akashika kamera. Kuanzia mwaka 1927 alikuwa na studio ya mbao ndani ya ua mmoja katika mtaa wa Malá Strana, Prague. Wajerumani walipoikalia nchi, kuzunguka mjini na kamera kubwa na miguu yake mitatu kukawa kujitafutia balaa. Basi kati ya 1940 na 1954 alilipiga dirisha la studio hiyo tena na tena: kioo, kizingiti chake, na mti uliopinda uani. Safari nyingine aliweka glasi ya maji kizingitini, au kitunguu, au yai.

Katika picha kadhaa za mfululizo huo, jicho halianzi kwenye mti. Linaanza kwenye kioo kilichojaa ukungu, ambako matone mazito yameteleza na kuacha michirizi. Ndani ya mchirizi tawi linaonekana wazi. Pembeni yake, tawi lilelile ni doa la kijivu. Hakuna uchawi hapo. Hewa ya ndani yenye unyevu inapogusa kioo baridi, mvuke hugeuka matone, na kila tone hutawanya mwanga. Kioo kizima kinakuwa chanzo kipana cha nuru, na nuru itokayo mahali papana huzaa vivuli laini visivyo na ukingo mkali. Sudek alikuwa pia na desturi ya kulaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi na kuisafisha picha bila kuikuza. Picha hutoka ndogo, lakini rangi zote za kijivu zilizo kati ya nyeusi na nyeupe hubaki.

André Kertész, mzaliwa wa Budapest, alifika dirishani kwa njia nyingine. Mwaka 1952 alihamia fleti ya ghorofa ya 12 jijini New York, akawa anaipiga bustani ya Washington Square chini yake kwa lenzi ya kuvuta mbali. Mkewe Elizabeth alipofariki mwaka 1977, akanunua sanamu ndogo ya kioo, shingo na mabega, iliyomkumbusha marehemu. Akaiweka dirishani na kuipiga kwa kamera ya Polaroid inayotoa picha papo hapo, anga na majengo ya jiji yakipinda ndani ya kioo. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1981.

Vitabu vya mafunzo ya upigaji picha kutoka Ulaya hupenda kushauri dirisha la kaskazini, lenye mwanga mtulivu, kwa kuwa kule jua la mchana hupita kusini siku zote. Ushauri huo ukifika Dar es Salaam unakwama. Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta: kuanzia Machi hivi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Dirisha la kaskazini ambalo Juni linachora kivuli cha nondo sakafuni, Desemba linatoa mwanga mtulivu usio na kivuli kikali. Nairobi mwaka unagawanyika karibu nusu kwa nusu. Jioni nayo ina haraka zake: huku jua huzama karibu wima, na giza huingia ndani ya dakika 20 na ushei. Anayesubiri adhana ya Magharibi ndipo atafute simu ya kupigia picha amechelewa.

Simu yenyewe ina tabia ya kuchanganyikiwa dirishani, kwa sababu hupima mwanga wa eneo zima na kuutafutia wastani, na kioo hutoka cheupe tupu. Dawa ni kugusa skrini pale penye mwanga zaidi, kisha kushusha alama ya jua inayotokea, hadi weupe wa kioo upungue.

Nyavu za mbu, ambazo wengi huziona kero, hulainisha mwanga kwa namna inayokaribia ule ukungu wa Prague. Masika yakianza, matone hunasa kwenye matundu yake, na hapo simu hukaidi na kulenga nyumba ya jirani. Katika simu nyingi, kubonyeza tone kwenye skrini na kushikilia kidole kidogo huifunga shabaha palepale. Ila lenzi isisogezwe karibu kupita kiasi, maana lenzi kuu ya simu nyingi huanza kuona ukungu wake yenyewe inapokaribia chini ya sentimita 10.