Kifafa: juu ya nini waganga wengine wanaweka waya ndani ya ubongo?

Kule Lushebere, katika Masisi, kama mutoto anaanguka na povu kutoka mdomoni, kuna watu watakimbia. Mmoja atasema amerogwa, mwingine ataogopa mate yake. Lakini kifafa hakiambukizwi na mate. Ni ugonjwa wa ubongo, na kuna mashine zinazousikia.

Seli za ubongo zinaongea kwa umeme mdogo sana. Kifafa kikishika, seli nyingi zinapiga kelele pamoja na mwili unatetemeka. Mwaka 1924, munganga Mjerumani Hans Berger alinasa umeme huo kwa mtu mara ya kwanza. Mashine yake leo inaitwa EEG: vifaa vidogo vinabandikwa juu ya ngozi ya kichwa, na haiumi.

Shida ni mfupa. Ukisimama nje ya kanisa unasikia kwaya yote, lakini hujui nani anayeharibu wimbo. Lazima uingie. Ndiyo maana, kwa wagonjwa ambao dawa zimeshindwa, hospitali fulani kubwa za ng'ambo zinatoboa mfupa na kuingiza elektrodi, waya nyembamba sana. Mgonjwa anabaki kitandani siku kadhaa, hata wiki mbili, wakingojea kifafa kije. Wakijua kinaanzia wapi, wanaweza kukata sehemu ile. Hatari iko: damu kuvuja ao maambukizi.

Katika siku zile za kungoja, watafiti wanaomba ruhusa: angalia picha hizi, kumbuka maneno haya. Mwaka 2005, kikundi cha Itzhak Fried na Rodrigo Quian Quiroga kilionyesha kwamba seli moja inaweza kuitika kwa picha za mutu mmoja tu anayejulikana. Lakini sheria ni hii: waya unawekwa pale matibabu yanapodai, si pale mtafiti anapotaka. Na mgonjwa anayekataa utafiti anaendelea kutunzwa sawasawa.

Karibu na sisi, huko Mbale, Uganda, wagonjwa wa kifafa wamekwisha kupasuliwa ubongo. Walichaguliwa kwa EEG ya juu ya ngozi na picha za skana.

Lakini wengi hawana lazima ya kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 wana kifafa, na hadi 70 kwa mia wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetunzwa vizuri. Dawa kama fenobarbitali ni ya bei ya chini. Inamezwa kila siku, na kuiacha ghafula ni hatari. Kwa hiyo, vita ikikukimbiza, beba dawa pamoja na karatasi yako ya hospitali.

Na mutu akianguka: mulaze kwa ubavu, ondoa moto na mawe karibu yake, usimutie kijiko mdomoni. Ikipita dakika 5, mupeleke kituo cha afya.