Pampu Inayokunywa Jua

Je, wajua kwamba nyanya zilizopangwa mafungumafungu kwenye vibanda vya Kawangware 46, pale matatu za nambari hiyo zinapogeuzia, huenda zilikomaa mahali ambapo mvua ilisahaulika miezi kadhaa? Nyanya na vitunguu vingi vya Nairobi hutoka Loitokitok na Kimana, kaunti ya Kajiado, nyanda kavu chini ya Mlima Kilimanjaro. Mlima huleta maji, ila hayapandi shambani yenyewe.

Kwa muda mrefu kazi ya kuyapandisha ilikuwa ya petroli, na mafuta yakipanda bei, fungu la nyanya nalo hupungua. Wengine walitumia miguu: shirika la KickStart, lililoanzishwa Kenya mwaka 1991, lilieneza pampu ya kukanyaga iitwayo MoneyMaker. Thika nako kulitengenezwa Kijito, pampu ya upepo. Siku hizi macho yako kwa jua.

Hesabu yake ndiyo inayonifurahisha. Chukua jerikani 500 za lita 20, yaani lita 10,000, ambazo zinatosha kunyweshea kama nusu ekari ya mboga kwa siku. Kuzipandisha mita 20 kutoka kisimani kunataka takriban nusu yuniti ya umeme. Tuseme pampu na mota zinapoteza nusu ya nguvu njiani. Basi utahitaji yuniti moja na kidogo. Paneli moja ya wati 300, ikipata jua kali kwa saa tano, hutoa yuniti moja na nusu. Paneli moja tu! Anayebeba jerikani mbili kutoka kwa muuza maji hadi kwake Gatina, mtaani Kawangware, ndiye atakayeiheshimu hesabu hiyo kuliko mhandisi yeyote.

Tena si lazima pampu iwe na betri. Mchana pampu hujaza tangi lililoinuliwa juu, na jioni maji huteremka yenyewe hadi kwenye mipira ya matone. Mawingu yakitanda, pampu hulegea, lakini siku kama hiyo hata mimea haina kiu sana. Jua likiwaka, nguvu ya pampu na kiu ya mimea huzidi kwa pamoja. Hiyo ni bahati ambayo taa ya sola haina, maana taa hutakiwa wakati ambapo jua limeshazama.

Pampu hukaa wapi? Ukiiweka juu ya ardhi ivute maji, kumbuka kwamba kinachoyapandisha ni hewa inayoyakandamiza kule kisimani. Mombasa, hewa hiyo inaweza kuyainua mita 10 hivi. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na ushei, hewa ni nyepesi, na kikomo ni kama mita 8. Kwa vitendo ni chini ya hapo. Kisima kikizidi kina hicho, pampu sharti izamishwe majini ili isukume badala ya kuvuta. Wapo walionunua pampu ya kuvuta kwa ajili ya kisima kirefu, wakaishia kulilaumu jua.

Wazo la kupandisha maji kwa jua ni la zamani. Mwaka 1913, Mmarekani Frank Shuman aliweka vioo virefu vilivyopinda huko Maadi, karibu na Cairo. Vilikusanya miale, vikachemsha maji, na mvuke ukaendesha injini iliyopandisha maji ya Nile hadi mashambani, zaidi ya lita 20,000 kwa dakika. Mwaka uliofuata vita vikuu vikazuka, na mradi ukafa. Paneli za umeme zilipokuja, bei ndiyo iliyokuwa kikwazo: mwaka 1977 wati moja iligharimu kama dola 76, leo ni senti za dola tu.

Hata hivyo pampu nzima, pamoja na paneli, mabomba na tangi, si mzigo wa mkulima mdogo kulipa kwa mkupuo. Ndiyo maana kampuni kama SunCulture, iliyoanza Kenya mwaka 2012, huuza kwa malipo ya polepole, yanayopitia simu. Kwangu mimi, M-Pesa imeisaidia pampu ya jua karibu sawa na kushuka kwa bei ya paneli.

Lipo jambo linalonitia wasiwasi. Petroli ilikuwa ghali, lakini ughali huo ulikuwa breki: mkulima alizima pampu shamba liliposhiba. Jua halitozi kitu, na bomba linaweza kuachwa likimwaga tangu asubuhi hadi jioni. Chini ya Nairobi kwenyewe, maji ya ardhini yamekuwa yakishuka kwa miongo kadhaa kwa sababu ya visima virefu. Sheria ya Maji ya 2016 inataka anayechimba kisima kama hicho apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Pampu nyingi zina kihisi kinachozima mota kisima kikikauka, ili isiungue. Kihisi hicho hakijui jirani amechota kiasi gani, wala kwamba yeye na mwenye pampu wanachota kwenye mwamba mmoja.